Uso wa Malkia, Mikono ya Mafundi

Picha rasmi za watawala hazina mashabiki wengi. Mtu akiingia katika jumba la makumbusho la Ulaya huzipita upesi, akielekea kwenye picha za vita, za mapenzi au za samaki na matunda mezani. Anachoona kwa haraka ni nguzo, pazia zito, manyoya meupe yenye madoa meusi, taji juu ya mto, na uso usiomwambia kitu. Moyoni anajisemea kwamba hiyo ni kazi ya serikali, ndugu ya ile picha ya Rais inayoning'inia juu ya kiti cha mkuu wa ofisi, na anapita zake. Simlaumu, kwa sababu nyingi kati ya picha hizo zimestahili kupitwa. Ila ipo moja ambayo kila ninapoiangalia hunifanya nivute kiti: picha ya Malkia Charlotte wa Uingereza akiwa katika mavazi ya kutawazwa, iliyochorwa na Allan Ramsay mwaka 1761 na 1762.

Charlotte alizaliwa mwaka 1744 huko Mecklenburg-Strelitz, nchi ndogo kaskazini mwa Ujerumani ambayo wafalme wakubwa walikuwa wakiisahau kwa urahisi. Akiwa na miaka 17 alichumbiwa kwa barua na wajumbe, akavushwa bahari yenye dhoruba, akafika London tarehe 8 Septemba 1761, na usiku uleule akafungishwa ndoa na George wa Tatu, mwanamume ambaye hakuwahi kumtia machoni kabla ya siku hiyo. Tarehe 22 ya mwezi huohuo wote wawili walitawazwa Westminster Abbey. Sherehe zilipokwisha, picha zikahitajika, tena kwa wingi.

Kamera ilikuwa bado karibu miaka themanini mbele. Balozi aliyetumwa nchi ya kigeni alikabidhiwa picha ya mfalme na ya malkia pamoja na vyombo vya fedha vya mezani, kama sehemu ya vifaa vya kazi yake. Gavana wa koloni naye alihitaji jozi yake. Marafiki wa ufalme, wakuu wa miji, watu waliotakiwa kutunzwa au kubembelezwa, wote walisubiri zamu. Kwa hiyo mchoraji aliyepewa kazi hii alijua tangu siku ya kwanza kwamba hachori picha moja. Alikuwa anatengeneza kielelezo kitakachorudiwa miaka na miaka, na watu wengine, wenye mikono tofauti na ya kwake.

Ramsay alikuwa Mskoti wa Edinburgh, mzaliwa wa 1713, mtoto wa mshairi mwenye jina kama lake ambaye alianza maisha kwa kutengeneza mawigi. Alisomea uchoraji London, kisha akaenda Roma na Naples kukaa chini ya mafundi wa Kiitaliano. Aliporudi, George Vertue, mtu aliyekuwa akiweka kumbukumbu za wasanii wa London, aliandika jambo lililowashangaza wenyeji: kijana huyu alianza nyuso kwa rangi nyekundu. Nuru na kivuli, yote aliyaweka kwanza kwa wekundu mtupu, ikauke, ndipo apitishe rangi za ngozi juu yake.

Msomaji asiyewahi kushika brashi anaweza kuona hilo ni kichekesho, uso mwekundu kama aliyeunguzwa na maji ya moto. Lakini fikiria ngozi ilivyo. Rangi tunayoiona kwenye shavu haikai juu tu. Sehemu yake inatoka chini, kwenye damu. Mchoraji akitandaza rangi ya ngozi kwenye kitambaa kikavu, anapata kitu kinachofanana na plasta. Akiitandaza nyembamba juu ya wekundu, joto linapenya, na shavu linaanza kuwa la mtu. Kufikia wakati anapewa kazi ya malkia, Ramsay alikuwa na umri wa miaka 48 na mkono wake ulikuwa umeacha ukali wa ujana, lakini somo lile la damu chini ya ngozi hakulisahau.

Tazama basi uso wa Charlotte. Watu wa zama zake hawakumsifu kwa uzuri. Walisema mdomo wake ni mpana na pua yake haikufuata mtindo uliopendwa. Ramsay hakuuziba mdomo huo wala hakuunyoosha. Aliuacha ulivyo, akauwekea pembeni kivuli chepesi sana, kiasi kwamba huwezi kusema anatabasamu wala huwezi kusema hatabasamu. Nuru inamfikia kutoka upande mmoja, imepoa, kana kwamba imechujwa. Shavu linapoelekea sikioni hakuna mstari unaoligeuza. Linageuka kwa hatua ndogondogo za kijivu, kila moja baridi kidogo kuliko iliyotangulia, na kivuli cha chini ya kidevu kimebaki chepesi kiasi cha kuona ngozi ndani yake. Wachoraji wengi wa picha rasmi walifanya vivuli kuwa kahawia nzito ili uso uonekane kutoka mbali. Ramsay alipenda nuru ya chumba cha kawaida asubuhi, na alikuwa na ujasiri wa kuamini kwamba nuru hiyo itatosha hata katikati ya dhahabu na mahameli.

Inasimuliwa kwamba yeye na malkia walizungumza Kijerumani alipokuwa akimchora. Ramsay alikuwa mtu wa lugha nyingi, na Charlotte, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, alikuwa na watu wachache wa kuongea nao bila kubabaika. Nikiutazama uso ule naamini habari hiyo. Ni uso wa msichana aliyebebeshwa nguo nzito kuliko yeye, katika nchi ngeni, lakini kwa muda huo mtu amemsalimu kwa lugha ya kwao.

Kabla ya brashi palikuwa na chaki. Ramsay alichora michoro ya matayarisho kwa bidii ambayo wenzake wa London hawakuwa nayo: chaki nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya rangi, mkono peke yake, kiwiko peke yake, namna vidole vinavyolala juu ya kitambaa. Michoro mingi ya namna hiyo imehifadhiwa Edinburgh. Ndiyo maana mikono katika picha zake haionekani kubandikwa. Mkono wa Charlotte haulikamati taji kama aliyeogopa kunyang'anywa. Vidole vimelegea, kifundo kimeinama kidogo, na uzito wa mkono umeachwa ulale. Jaribu kuchora mkono uliolegea kwa kutunga kichwani, bila kuutazama, uone utakavyotokea.

Tuje kwenye mavazi, na hapa lazima nieleze jinsi kazi hii ilivyogawanywa, kwa sababu watu wengi hudhani mchoraji mkubwa alichora kila uzi. London ya karne ya 18 ilikuwa na mafundi wa nguo katika picha. Mchoraji wa nyuso alimaliza kichwa na pengine mikono, kisha turubai likapelekwa kwa fundi mwingine akajaza gauni, koti na mapazia. Aliyesifika kuliko wote alikuwa Joseph van Aken, mtu wa Antwerp. Alimfanyia Ramsay kazi nyingi na pia aliwafanyia washindani wake, hivyo wanawake wasiojuana walijikuta wamechorwa wakiwa wamevaa gauni moja. Van Aken alipofariki mwaka 1749, William Hogarth alichora katuni ya mazishi yake: wachoraji wa nyuso wakilifuata jeneza kwa vilio, wamebaki bila mtu wa kuwavalisha wateja wao.

Kifo hicho kilimlazimisha Ramsay ajifunze upya kuitazama nguo, na picha ya Charlotte ni ushahidi kwamba alijifunza vizuri. Chukua manyoya meupe kwanza. Hayo ni ya mnyama mdogo wa nchi za baridi, wa jamii ya kicheche, ambaye wakati wa majira ya baridi hugeuka mweupe mwili mzima isipokuwa ncha ya mkia. Kila doa jeusi kwenye joho la kifalme ni mkia mmoja. Fundi mvivu huchora nyeupe tupu, kisha akadondosha madoa kwa safu zilizonyooka, na joho likaonekana kama ubao wa dama. Ukitaka liwe manyoya, unaanza kwa kijivu. Kabla hakijakauka, unaingiza nyeupe kwa brashi laini ukifuata mwelekeo wa nywele, ukiacha kijivu kibaki mahali joho linapokunjika. Doa jeusi linakuja mwisho, na upande mmoja wake unapanguswa kidogo ili uzame ndani ya nywele. Jambo la muhimu kuliko yote ni kwamba madoa lazima yafuate mikunjo. Palipo na mkunjo, yanakaribiana, panapotanuka, yanaachana. Jicho la mtazamaji halihesabu madoa hayo, lakini linajua mara moja yakikosewa.

Zari ya gauni ni habari nyingine. Ukiisogelea picha ya namna hii hadi pua ikaribie kugusa turubai, hukuti dhahabu yoyote. Unakuta rangi ya udongo wa manjano, kahawia kidogo, na juu yake vidonge vizito vya manjano iliyofifia vilivyoachwa vimesimama kama vilivyotoka kwenye brashi. Dhahabu yenyewe inatengenezwa na jicho lako. Wachoraji wa zamani kabisa walibandika dhahabu halisi, na matokeo yake inang'aa sawasawa popote, hata penye kivuli. Dhahabu ya rangi inazimika mkunjo unapoingia gizani na kuwaka unapotoka. Almasi kifuani nazo ni hivyohivyo: kijivu, karibu nyeusi, kisha nukta moja nyeupe. Mwenye kuweka nukta mbili ameshaharibu.

Inasimuliwa pia kwamba Ramsay aliomba johari zenyewe ziletwe nyumbani kwake azichore zikiwa mbele ya macho yake, zikaletwa, na askari wakaizunguka nyumba usiku na mchana hadi alipomaliza. Fundi aliyeomba ulinzi wa kijeshi ili asikosee nukta za almasi namwelewa kabisa.

Sasa fikiria kwamba yote hayo, mahameli, manyoya, zari, taji, nguzo, yanatakiwa yarudiwe. Kisha yarudiwe tena. Rangi zilinunuliwa zikiwa zimefungwa ndani ya vibofu vya nguruwe, kwa sababu mirija ya bati ilibuniwa mwaka 1841. Vibofu hivyo vilitobolewa kwa msumari, rangi ikakamuliwa, tundu likazibwa. Karakana ya Ramsay, ambayo baadaye ilikuwa Harley Street, iligeuka kuwa kiwanda. Walioitembelea walikuta vyumba vimejaa wafalme na malkia katika kila hatua: mwenye kichwa bila mwili, mwenye joho bila mikono, aliyekamilika akisubiri kukauka. Nakala hizo zilisambaa dunia nzima. Studio ilitoa jozi nyingi mno, na leo zinaonekana Uingereza, Ulaya bara na Marekani. Moja ya malkia iko katika jumba la Mint Museum kule North Carolina, katika mji wa Charlotte wenyewe, uliopewa jina lake mwaka 1768.

Hapa ndipo naona akili ya Ramsay kuliko mahali pengine popote. Aliipanga picha yake ivumilie mikono ya wengine. Umbo la malkia liko wazi kwa mzunguko wake wa nje, kiasi kwamba mwanagenzi akilinakili kwa uaminifu, atapata heshima ya msimamo ule hata kama hajui siri yake. Mikunjo mikubwa ya joho imewekwa kwa mpangilio unaoweza kushikwa akilini. Vitu vyote vinavyohitaji subira peke yake vimewekwa mahali panapofikiwa na mtu mwenye subira. Vinavyohitaji kipaji ni vichache: uso, shingo, mkono. Nakala dhaifu ya Charlotte inakuwa na gauni zuri na uso wa sahani. Nakala nzuri inakuwa na gauni lilelile na uso unaopumua. Huo wote ndio umbali kati ya fundi mmoja na mwingine, na unaweza kufunikwa kwa kiganja.

Mmoja wa wasaidizi hao alikuwa David Martin, Mskoti aliyekuwa na Ramsay tangu ujana wake. Namtaja kwa sababu jina lake siku hizi linahusishwa na picha nyingine, ya miaka ya 1770 mwishoni, iliyoko Scone Palace kule Uskoti, ambayo kwa miaka mingi haikujulikana kwa hakika ilichorwa na nani. Inamwonyesha Dido Elizabeth Belle pamoja na binamu yake Elizabeth Murray. Dido alizaliwa mwaka 1761, mwaka uleule Charlotte alipovishwa taji. Mama yake, Maria Belle, alikuwa Mwafrika aliyetumikishwa utumwani. Baba yake, John Lindsay, alikuwa ofisa wa jeshi la majini na kaka wa mke wa Ramsay. Kwa maneno mengine, mchoraji wa malkia alikuwa mume wa shangazi yake Dido. Ukiitazama hariri ya gauni la Dido, inavyoshika nuru na kuiachia, unamwona mtu aliyepitia karakana ambayo hariri haikuruhusiwa kukosewa.

Hapo wengine watataka niseme kuhusu asili ya Charlotte mwenyewe, maana tamthilia za televisheni zimelipigia debe suala hilo na picha za Ramsay hutolewa kama ushahidi kwamba alikuwa na damu ya Kiafrika. Hoja hiyo inategemea bibi mmoja wa Ureno wa karne ya 13, karne tano kabla ya malkia, na wanahistoria hawakubaliani hata juu ya huyo bibi alikuwa nani. Mimi nasema tu kwamba picha ya mafuta si cheti cha kuzaliwa. Ramsay alichora alichokiona kwa uaminifu zaidi ya wenzake. Tusimtwishe kazi ya daktari wa vinasaba.

Msaidizi mwingine alikuwa Philip Reinagle, naye ndiye ninayemhurumia. Mwaka 1773 Ramsay, akiwafundisha watu wa nyumbani kwake namna ya kujiokoa moto ukitokea, alianguka kutoka kwenye ngazi akaumia vibaya mkono wa kulia. Kwa uchoraji, huo ukawa karibu mwisho wake. Oda za ikulu hazikukoma kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja, hivyo Reinagle akaachiwa makumi ya jozi za wafalme na malkia azikamilishe kwa mtindo wa mwalimu wake, bila kuongeza chochote cha kwake. Alizimaliza. Alipotoka hapo, alikuwa amekinai nyuso za watu, akahamia kwenye mbwa, ndege na mandhari ya nchi. Kwa kazi hizo ndipo alipojenga jina lake, na Chuo cha Kifalme cha Sanaa kikampokea.

Mwaka 1789 kijana wa miaka 20, Thomas Lawrence, alipewa nafasi ya kumchora Charlotte upya, sasa akiwa na miaka 45 na mumewe ndiyo kwanza ametoka katika ugonjwa uliomvuruga akili. Picha hiyo iko National Gallery, London. Ni ya ajabu kwa wepesi wa brashi, na huzuni yake huwezi kuikosa. Mfalme na malkia hawakuitaka. Ilibaki mikononi mwa mchoraji hadi alipokufa. Wapenzi wengi wa sanaa wanaiweka juu ya ile ya Ramsay, na kama swali ni brashi, sina ubishi mkubwa. Lakini picha rasmi ina kazi ya kufanya: itundikwe ukutani kwa balozi, ionwe na wageni wasiomjua mhusika, imsemee akiwa mbali, na bado isimgeuze kinyago. Lawrence alimchora Charlotte kwa ajili yetu tunaokuja baadaye. Ramsay alimchora kwa ajili ya kazi, na ndani ya kazi hiyo akahifadhi mtu mzima.

Joshua Reynolds, mshindani wake mkubwa, alirithi cheo cha Mchoraji Mkuu wa Mfalme Ramsay alipofariki mwaka 1784. Hakukifurahia, alilalamika kwa barua kwamba heshima yake inakaribiana na ya mkamata panya wa ikulu na faida yake ni ndogo zaidi. Reynolds alikuwa na ubunifu mpana kuliko Ramsay, hilo halina mjadala. Lakini alipenda kujaribu rangi na mafuta yasiyodumu, na wekundu wa nyuso zake nyingi ulififia hata kabla wenyewe hawajazeeka. Shavu la Charlotte bado lina damu. Kwa picha rasmi ya mwanamke, mimi nampa Ramsay nafasi ya kwanza katika karne yake Uingereza, na wa pili simwoni karibu.